Mnyonya Damu wa Tatu

Nimekufa mara arobaini na moja
mikononi mwa mwanamke mmoja,
katika ghala la zamani la chuma mjini Hamilton,
ambako baridi ya ziwa hupenya chini ya mlango
ikalala sakafuni kama mbwa asiye na mwenyewe.

Kwenye mswada sina jina.
Mnyonya Damu wa Tatu. Mnyonya Damu Mlangoni.
Mwaka ule wa theluji nyingi: Mnyonya Damu Mnene.
Nabandikwa chonge saa kumi alfajiri,
nanywa supu kwa mrija nisizing'oe,
na jioni nachomwa kigingi cha sponji,
nageuka jivu. Jivu lenyewe unga wa mahindi na masizi;
mke wangu Ljubica hulikuta sikioni mwangu hadi Jumapili.

Noreen Prokopchuk ndiye aniuaye.
Kwenye runinga ni Hedda Garrity, binti wa mlinzi wa makaburi,
bega limeshonwa mara tatu, hana mchezo.
Siku ya kwanza, kamera hazijawaka,
alinijia, kigingi kwapani, akauliza:
"Wewe ni nani?"
Zdenko, nikasema. Wa mtaa wa Barton.
"Si wewe. Huyu nitakayemuua."

Sikuwa nimemfikiria.
Nikababaika: fundi saa. Alizama,
hapana, aliumwa shingo
akirudi kutoka ubatizo wa mwanawe.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali deni,
na tulipopigana alinipiga kwa haki:
nilipoteleza alingoja nisimame,
na kigingi kilipoingia alinitazama machoni
mpaka nilipokwisha.

Tangu hapo wote nimewapa maisha.
Mpiga kinanda wa kanisa aliyeichukia Krismasi.
Mchonga viatu, kiziwi wa sikio moja.
Mmoja aliogopa farasi hata baada ya kufa.
Noreen huwakumbuka kuliko mimi.

Msimu wa tano wakaleta mwandishi kijana,
akamwandikia Hedda mzaha wa kusema juu ya jivu langu.
Mzaha mzuri, sitadanganya; hata mafundi wa taa walicheka.
Kamera ikawaka, Noreen akanyamaza.
Ikawaka tena, akanyamaza.
Lachlan, mwongozaji, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Mara ya saba akapiga goti,
akaokota kifungo cha koti langu kutoka kwenye unga,
akakitia mfukoni.
"Huyu kanitoa jasho," akasema.
"Kama alikuwa si kitu, mimi nani? Mfagiaji?"

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani.
Yule anayeshinda hawakumwachia neno:
mikono aiweke wapi,
acheke au afunge kinywa.
Mimi nimelala chini, jivu tupu, na chini huonekana mengi.

Usidhani ni upole.
Hakuna wiki aliyonihurumia,
hakuna dirisha aliloacha wazi.
Aliyajua niliyotenda: watoto wa mwoka mikate,
harusi ile, kisima kile.
Aliniheshimu, akanichoma.
Hakunipunguza kimo
ili mkono wake upate wepesi.

Machi walitufungia. Ghala sasa ni la matairi.
Juzi posta ikaleta bahasha, nzito, haina barua.
Vifungo. Kila kimoja na uzi na kikaratasi,
kwa mwandiko wake ulioinama:
Kinanda. Viatu. Aliyeogopa farasi.
Na cha kwanza kabisa, cha shaba, kimepoteza rangi:
Fundi saa.
Kumbe alianza zamani, nami jivu sikuona.

Nimevihesabu mara mbili. Thelathini na nane.
Watatu sijui wako wapi.

Ljubica alitaka kimoja, kile cheusi,
koti la mjukuu limekatika kifungo cha juu
na upepo wa huku hauna adabu.
Nikamwambia nitakwenda dukani.
Hivi vina wenyewe.